Kifundo cha Mguu Kikivunjika: Pumzisha Mguu, Usiulaze Mwili

Mkazi wa Kinakomba aliyevunjika kifundo cha mguu huambiwa hospitalini asiukanyagie mguu hadi daktari aruhusu. Wengi hudhani maana yake ni kulala tu. Sivyo. Kwa kawaida mfupa huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga. Muda huo, misuli isiyotumika hudhoofika, na damu inaweza kuganda mguuni.

Siku za kwanza, mgonjwa ainue mguu juu ya mito, upite usawa wa moyo, ili uvimbe upungue. Achezeshe vidole mara kwa mara, na akunje goti ikiwa plasta haikulifunika. Atumie magongo kama alivyofundishwa. Plasta isilowe, wala asiingize kijiti kujikuna. Mguu usikandwe.

Arudi hospitalini mara moja vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, maumivu yakizidi, au plasta ikinuka. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikibana, hiyo ni dharura.

Tahadhari ya mafuriko ya Mto Tana ikitolewa, familia imhamishe mapema. Mwenye magongo hawezi kuyakimbia maji.