Kupanda Maua Meupe ya Skabiosa

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za ua liitwalo skabiosa. Kichwa chake ni cha mviringo, na juu yake vimejitokeza vijiti vyembamba mfano wa pini zilizochomekwa katika kimto cha fundi cherahani. Ndiyo sababu Waingereza huliita kwa jina la kimto hicho. Asili yake ni nchi za kando ya Bahari ya Kati, ila ndugu yake mmoja huota mwenyewe katika milima ya Afrika Mashariki.

Je, laweza kustawi Bariadi? Laweza, lakini si katika kila udongo wala kila mwezi. Ua hili huharibiwa na maji yatuamayo kuliko na jua. Kwa hiyo mbuga, yaani ule udongo mweusi unatao wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, haufai, ijapokuwa wastawisha mpunga. Luseni wafaa ukitiwa samadi iliyooza. Ulio bora ni ibushi, kwa kuwa una chokaa, na skabiosa hupenda chokaa.

Desturi yetu ni kupanda kila kitu mvua za kwanza zinyeshapo. Kwa ua hili twaona heri kungoja hadi mwisho wa Aprili, mvua kubwa zipunguapo, ili miche ikue katika miezi ya baridi. Sia mbegu katika sanduku lililotobolewa chini, uzifunike kwa udongo mwembamba tu, nalo likae kivulini. Huota kwa muda wa majuma mawili hivi. Mche uwapo na majani manne uuhamishe jioni, nafasi ya futi moja kati ya mche na mche. Uuzungushie miiba, maana kuku hawajui bustani ya mwalimu! Maua hutokea baada ya miezi mitatu au zaidi kidogo.

Taabu iliyo kubwa ni maji. Mwezi wa Julai wake na watoto huchimba mchanga wa mito ili kupata ndoo moja. Si haki kumwongezea mama safari kwa ajili ya maua. Basi panda miche kumi tu, uinyweshe maji yaliyooshea mboga, na utandaze nyasi kavu shinani.

Kata maua yanyaukayo ili mengine yachipue, lakini uache vichwa vichache vya mbegu. Kila mbegu ina kijisketi kama mwavuli, na upepo huichukua upesi. Ivune ikiwa kavu, ya rangi ya kahawia. Jirani akipanda ya zambarau, nyuki watachanganya, na mwaka ujao hutapata meupe matupu. Kwa hiyo ng'oa mapema kila mche wa rangi nyingine, nazo mbegu uzihifadhi katika karatasi, mahali pakavu, mbali na panya.