Kipupwe Kikibana: Wiki Moja ya Baridi Inavyoweza Kula Mtaji Wako

Somo la leo ni fupi, lakini linagusa mfuko. Kila mwaka kati ya Juni na Agosti tunakuwa kwenye kipupwe, na ndani yake huja wiki ambayo baridi inabana kweli kweli. Nikipita mabandani hapa Mwembesongo nasikia, "Afisa, Moro ni joto bwana, baridi ni ya watu wa Makete." Sawa, lakini kifaranga wa siku moja hajui kama Moro ni joto.

Baridi inatoka wapi?

Miezi hii kusini mwa dunia ni majira ya baridi, na upepo wa Kusi unatuletea hewa yake. Usiku anga likiwa jeupe bila mawingu, ardhi inapoteza joto haraka. Hapa mjini, karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 15 hivi. Ukipanda Uluguru, unapoteza karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo mwenzako mwenye bustani kwenye mita 1,500 kule Mgeta, usiku huohuo anaweza kuwa kwenye nyuzi 9. Kitulo na Njombe ndiko jalidi huanguka na kuunguza majani ya viazi.

Vifaranga: hapa ndipo hasara inapoanzia

Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 34, kisha unapunguza nyuzi 2 hadi 3 kila wiki. Nje kuna 15. Hilo pengo la nyuzi 17 na zaidi ni kazi yako kulijaza, maana yeye bado hawezi kujitunzia joto. Akipata baridi hali vizuri, anajikunja, wanarundikana, na wa chini wanakosa hewa. Tuseme umelipa shilingi 2,000 kwa kifaranga, na usiku mmoja wamekufa 60 kwa kulaliana. Hapo shilingi 120,000 imeondoka kabla hujahesabu chakula.

Wasome wenyewe. Wakirundikana chini ya chanzo cha joto, wana baridi. Wakikimbilia pembeni huku midomo wazi, joto limezidi. Wakisambaa na kula, lala salama. Mwingine mguse miguu kwa shavu lako. Ikiwa ya baridi, ongeza joto.

Usitegemee chanzo kimoja. Februari 2021 kule Texas, Marekani, baridi kali ilikata umeme kwa mamilioni ya watu, na wafugaji wa ng'ombe wakamwaga maziwa kwa kukosa pa kuyapeleka. Wale wana mitambo kuliko sisi. Kama bruda yako ni balbu tupu na umeme ukakatika saa nane usiku, utafanyaje? Weka jiko la mkaa tayari. Ila jiko lisiwashwe kwenye banda lililozibwa pande zote: hewa ya mkaa inaua vifaranga, inakuua na wewe. Pazia lizibe chini wanapokaa vifaranga, juu uache nafasi ya hewa kutoka. Maranda yakilowa yatoe, maana unyevu unaita koksidiosisi, ule ugonjwa wa kuhara damu.

Nyanya na viazi: adui ni baridi yenye unyevu

Ukungu wa asubuhi mlimani unapendeza kwa picha, lakini ndio unaokuza bakajani chelewa. Ugonjwa huu ndio ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na njaa ikaua watu wengi. Jani likikaa na maji saa nyingi kwenye ubaridi, unaona mabaka kama yamemwagiwa maji moto, na asubuhi chini ya jani kuna utando mweupe. Kwa siku chache tu shamba linaweza kuungua lote.

Usisubiri mabaka. Dawa ya kinga kama mancozeb hufanya kazi kabla ugonjwa haujaingia. Ukiona dalili za mwanzo, hamia kwenye mchanganyiko wenye metalaxyl, ila usirudie dawa hiyohiyo msimu mzima, vimelea vitaizoea. Soma kibandiko: kipimo na siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Mpango wako wa wiki

1. Fuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kabla ya kuagiza vifaranga.
2. Pasha bruda joto saa 24 kabla hawajafika. Wape maji ya uvuguvugu.
3. Amka kati ya saa nane na saa kumi na moja usiku ukague. Baridi kali iko hapo.
4. Mwagilia asubuhi, kwenye shina, siyo juu ya majani wala jioni.
5. Punguza majani ya chini ya nyanya hewa ipite. Yenye ugonjwa yatoe shambani, yafukie.
6. Andika: joto la usiku, vifo, dawa uliyopiga. Mwakani daftari hilo ndilo litakalokushauri kabla yangu.

Baridi huwezi kuizuia. Lakini mkaa, pazia, kipimajoto na kuamka usiku ni gharama ndogo kuliko kununua vifaranga mara mbili. Kazi kwako.