Pindo la Rangi katika Picha: Kulitambua na Kulirekebisha

Ukipiga picha ya Minara Miwili ya Mji Mkongwe, Unguja, mbele ya anga jeupe la adhuhuri, huenda ukaona pindo jembamba la zambarau au kijani ukingoni mwa mnara. Rangi hiyo haimo katika jengo. Lenzi hupinda mwanga wa buluu zaidi ya mwanga mwekundu, hivyo rangi hizo hazikutani mahali pamoja.

Kulitambua: sogeza kamera ili mnara utoke pembeni uwe katikati ya picha. Pindo likififia, kosa ni la lenzi.

Kulirekebisha: weka kitu katikati, punguza tundu la lenzi, au tumia programu inayolinganisha tabaka nyekundu, kijani na buluu.

Tahadhari: hadubini nayo ina lenzi. Katika damu iliyotiwa rangi ya Giemsa, kiini cha kimelea cha malaria huonekana chekundu kinachoelekea zambarau. Programu inayofuta zambarau yaweza kukififisha kiini hicho pamoja na kosa. Kwa hiyo, hifadhi picha ya asili, na uthibitishe ugonjwa kwenye hadubini yenyewe, si kwenye picha iliyosafishwa.