Umeungama kwa Padre. Je, Nyumbani Umerudisha?



Katika mafundisho ya watu wa ndoa kuna swali linaloulizwa karibu kila Kwaresima, na mara nyingi waulizaji ni akina mama. "Katekista, mume wangu ameungama. Nilimwona kwa macho yangu akiwa kwenye mstari Jumamosi, na Jumapili akakomunika. Lakini pesa za karo alizozitumia hajazirudisha. Nikimwuliza, ananijibu kwamba Mungu ameshamsamehe, mimi ni nani nisimsamehe? Je, huyu ametubu au hajatubu?"

Swali hili ni zito. Kabla ya kulijibu, tuondoe jambo moja njiani. Usiende kwa paroko kumwuliza kama mume wako aliungama kosa lile. Padre hawezi kukujibu, wala hawezi kukudokezea hata kwa kutikisa kichwa. Sheria ya Kanisa, kanuni 983, inamfunga mdomo kabisa juu ya maungamo, na haijali sababu uliyo nayo. Wapo waliokasirikia mapadre wao kwa ajili hiyo, na kwa kweli wamewaonea bure.

Sasa, toba ni nini? Wengi hudhani ni huzuni tu. Mtu akilia, tunasema ametubu. Lakini neno la Kigiriki lililo katika Agano Jipya, metanoia, maana yake ni kubadili nia. Nao Wayahudi katika lugha yao husema shuv, yaani kurudi. Mfikirie mtu aliyepotea njia msituni. Anaweza kukaa chini ya mti akalia mpaka jioni, lakini asipogeuza miguu yake bado amepotea.

Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulifundisha kwamba matendo ya mwenye kutubu ni matatu: majuto, maungamo na malipizi. Majuto tunayajua. Maungamo tunayajua, hata kama tunayaahirisha. Hili la tatu ndilo limebaki yatima. Tukisikia malipizi, tunafikiri ni zile Salamu Maria tatu ambazo padre anatupa, na tukishazisali kwenye benchi la nyuma tunatoka tukiwa wepesi, deni limekwisha. Sala hizo ni lazima zitimizwe, sisemi vingine. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 1459, inaeleza kwamba ondoleo linafuta dhambi, ila haliondoi vurugu yote ambayo dhambi imeleta. Aliyeiba arudishe. Aliyemchafulia mwenzake jina amsafishie. Aliyeumiza afidie. Na Katekisimu inaliita jambo hili haki ya kawaida tu. Yaani hapo hatujafika hata kwenye upendo.

Mkumbuke Zakayo katika Injili ya Luka, sura ya 19. Alikuwa mkubwa wa watoza ushuru pale Yeriko, na tajiri. Yesu hakumhubiria kuhusu pesa. Alijialika tu nyumbani kwake. Mbele ya watu Zakayo akasimama akatamka hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Angalia tena kitabu cha Hesabu, 5:6-7. Hapo Sheria ya Musa inamtaka mkosaji aungame, arudishe chote, na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Zakayo hakushika penseli kutafuta kiasi kidogo kinachoruhusiwa. Ndipo Yesu akasema wokovu umefika katika nyumba ile. Alitaja nyumba, msomaji, si Zakayo peke yake.

Tulete basi jambo hili nyumbani kwako. Tuseme baba alichukua shilingi 40,000 za karo akazipoteza kwa kubeti kwenye simu. Kwa hesabu ya Musa angerudisha 48,000, na kwa hesabu ya Zakayo 160,000. Mkeo hakudai hizo, usiogope. Lakini anadai zile 40,000, tena ana haki, kwa maana watoto ndio waliofukuzwa shule. Usimwambie, "Pesa ni zangu, nilizitafuta mwenyewe." Zilipowekwa kuwa za karo zilipata mwenyewe.

Huyu baba akitaka kutubu, akae na mkewe jioni, watoto wakishalala, aseme: "Mama watoto, zile pesa za karo ni mimi niliyezipoteza, tena kwa kubeti. Nimekukosea wewe na watoto." Kisha aeleze atakavyozirudisha: shilingi 4,000 kila mwezi kwa miezi 10, zikiingia mkononi mwa mama au moja kwa moja shuleni, na risiti iletwe nyumbani. Kama ana mikopo ya simu, aitaje yote usiku huo huo. Kutaja nusu na kuficha nusu kunaumiza kuliko kunyamaza, kwa sababu mwezi ujao ujumbe wa deni utaingia kwenye simu na mama atauona. Zaidi ya hayo, mwenye kubeti akubali mshahara upitie mkononi mwa mke kwa muda. Najua wanaume wenzangu hapo wataguna. Lakini mtu aliyevunjika mguu hutembea na gongo mpaka mfupa ushike, wala hakuna anayemcheka.

Kama ni shamba la nyumbani au ng'ombe wa maziwa aliuzwa kwa siri, kazi ni ngumu zaidi. Na kwa habari ya shamba au nyumba ya familia, hata sheria ya nchi inahusika. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 haimruhusu mmoja kuuza mali ya ndoa bila idhini ya mwenzake.

Akina mama wasidhani wameachwa nje. Kuna mama ambaye hajachukua hata senti ya mumewe, lakini amemvua nguo mbele ya kikundi chote cha akina mama: jinsi anavyolewa, jinsi alivyoshindwa kulipa kodi, hata mambo ya chumbani. Huyu naye ana la kurudisha, na ni gumu kuliko pesa. Itambidi arudi kwa watu wale wale. Akiwa alisema uongo, auseme kuwa ni uongo. Akiwa alisema kweli iliyopaswa kufichwa, awaombe waache kuieneza, na yeye mwenyewe aanze kumtaja mume kwa heshima mbele yao. (Kuomba ushauri kwa padre, au kwa mama mmoja mwenye busara, si kusengenya.)

Kuna yasiyoweza kurudishwa. Daudi, aliposimuliwa na nabii Nathani habari za tajiri aliyenyang'anya mwanakondoo wa maskini, aliwaka hasira akahukumu alipwe mara nne. Hakujua kwamba anajihukumu mwenyewe. Lakini Uria alikuwa amekwisha kufa. Daudi angemrudishaje? Alisamehewa kweli, na bado nyumba yake ilibeba matunda ya tendo lile. Ndivyo ilivyo kwa uzinzi. Maji yakimwagika hayazoleki. Watu huniuliza kama ni lazima aliyeanguka kwa siri amwambie mwenzake. Kanisa halilazimishi kila kosa la siri litangazwe nyumbani. Shauriana na muungamishi wako, kwa maana wengine husema ili tu wapate nafuu, wakamwachia mwenzao mzigo wote. Lakini kama kuna hatari ya ugonjwa, huna ruhusa ya kunyamaza huku ukimhatarisha mwenzako. Nenda ukapimwe, mwambie mwenzako, na usimkaribie kabla ya hayo. Vilevile kama kuna mtoto wa nje, mtoto huyo anahitaji chakula na karo, na hakuna toba inayomfuta.

Sasa sikilizeni habari ya Yuda, maana mara nyingi tunaisoma haraka. Mathayo 27 inatuambia kwamba Yuda alijuta, akakiri kosa lake, na kurudisha vile vipande 30 vya fedha. Alifanya mengi kuliko yule baba wa karo! Alikosa nini? Alizipeleka fedha kwa makuhani, wala hakumrudia yule aliyemsaliti. Petro alimkana Yesu mara tatu, akalia, lakini alibaki na wenzake, na kule ziwani akakubali kuulizwa mara tatu kama anampenda. Kulipa bila kurudi kwa mtu mwenyewe hakutoshi. Kuna mume ambaye akikosa huleta leso mpya na kilo mbili za sukari, anaviweka mezani, anawasha redio. Neno hasemi. Leso nzuri, lakini mke bado anangoja.

Na wewe uliyekosewa je? Bwana alimwambia Petro asamehe saba mara sabini, wala hakuweka kipengele cha wenye ndoa. Kusamehe ni kuacha kulipiza na kuacha kumwombea mabaya. Hata hivyo, kusamehe si lazima kumwamini siku hiyo hiyo na simu na pesa zote. Imani hurudi polepole, kadiri risiti zinavyokuja. Ila akitimiza mwezi baada ya mwezi, usilitoe kosa lile kila mnapogombana juu ya chumvi. Ukifanya hivyo unamtoza deni alilokwisha kulipa.

Palipo na kipigo nasema tofauti. Mama anayepigwa halazimiki kukaa chini ya fimbo ili aonyeshe amesamehe. Kanuni 1153 ya Kanisa inamruhusu kutengana na mwenzake anayemtia katika hatari kubwa, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Dhidi ya Jeuri za Nyumbani ya mwaka 2015, ambayo kwayo anaweza kuomba ulinzi mahakamani. Mume akisema ametubu, aonyeshe kwa kuacha pombe, kukubali kushauriwa, na kungoja bila kumharakisha mkewe.

Basi Jumamosi hii, kabla hujapanga mstari kanisani, chukua karatasi ndogo. Andika ulichochukua, kutoka kwa nani, na kiasi gani. Ukizungumza na mwenzako, usitie neno "lakini" ndani yake: "Nilikosa, lakini nawe ulikuwa…" Hapo umeshaanza kumshtaki. Sema kosa lako, nyamaza, umwache naye aseme, hata kama atasema mpaka usiku wa manane.