SOMO LA USALAMA BARABARANI: MTEREMKO, BREKI NA MWENDO

Arusha ndipo yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Mkataba wake ulitiwa saini mjini humo tarehe 30 Novemba, 1999. Watumishi wa Serikali huenda huko kwa mikutano, na wananchi kwa biashara na matembezi. Kwa hiyo yafaa ajali za upande ule tuzisome kwa makini, wala tusizisikie redioni na kuzisahau.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilieleza kwamba watu milioni 1.19 walifariki barabarani mwaka 2021. Ikilinganishwa na mwaka 2010, idadi hiyo ilipungua duniani kwa asilimia 5, lakini katika Kanda ya Afrika ya Shirika hilo iliongezeka kwa asilimia 17. Kanda hiyo ilikuwa na asilimia 3 tu ya gari za dunia, nayo ikabeba asilimia 19 ya vifo. Wanaosema kuwa vifo hivi vinaletwa na wingi wa gari hawajaitazama hesabu.

Tarehe 6 Mei, 2017, basi lililochukua wanafunzi wa skuli moja ya Arusha liliacha njia kwenye mteremko wa Rhotia, Karatu, likatumbukia bondeni. Walifariki watu 35, karibu wote watoto. Tarehe 24 Februari, 2024, huko Ngaramtoni, katika barabara ya Arusha–Namanga inayopita begani mwa Mlima Meru, lori liligonga gari nyingine tatu na watu 25 wakapoteza maisha. Polisi walieleza kuwa breki za lori hilo zilishindwa kufanya kazi.

Watu husema "breki zimekatika" kana kwamba jambo hilo halina sababu. Sababu ipo. Breki huzuia gurudumu kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Gari nzito inaposhuka huku dereva amekanyaga breki mfululizo, joto huingia kwa wingi kuliko linavyotoka, na nguvu ya kukamata hupungua. Mafuta ya breki nayo yakichemka, pedali huzama bila ya kuzuia kitu. Dawa yake ni kuingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, ili injini ibebe sehemu ya mzigo. Anayengoja mpaka gari ikolee mwendo aghalabu hawezi tena kuiingiza. Na wale wanaoshuka bila ya gia wakidai wanaokoa mafuta, wameitupa breki iliyo bora kuliko zote.

Mwendo nao una hesabu yake. Gari iendayo kilomita 80 kwa saa hubeba nguvu mara nne, si mara mbili, ya gari hiyo hiyo ikienda kilomita 40.

Visiwa vyetu havina kilima kinachofikia mita 200, ilhali mji wa Arusha uko kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari. Dereva hodari wa Unguja au Pemba aweza kufika huko hajapata kushuka mlima mrefu hata mara moja. Maafisa usafirishaji wanaombwa kulizingatia hilo kabla ya kumkabidhi mtu gari ya safari, na breki zikaguliwe na fundi.

Tuseme wazi pia kwamba mara nyingi anayeharakisha si dereva bali ni mkubwa aliyekaa kiti cha nyuma. Mkutano ukiwa saa 3 asubuhi, msafara ulale Arusha usiku wa kuamkia siku hiyo.