Kishikwambi cha Mezani na cha Safarini



MJOMBA: Mwanangu, umeamua ununue kishikwambi gani?

ZUHURA: Wapi! Kariakoo kila duka lina lake. Nichukue Samsung au iPad?

MJOMBA: Hilo la mwisho. Kwanza niambie, intaneti utaitoa wapi?

ZUHURA: Nyumbani Wi-Fi ipo. Njiani nitaunga kwenye simu.

MJOMBA: Safari yako ni Dar mpaka Mtwara, kutwa nzima barabarani. Simu ikigawa intaneti betri inakwenda mbio. Hujafika Nangurukuru imezima, na anayekuja kukupokea humpati. Tafuta chenye sehemu ya laini. Toleo moja lina laini, jingine ni Wi-Fi tupu, na kwa sura ni vigumu kuyatofautisha, kwa hiyo soma boksi. Tena iPad ya Wi-Fi tupu haina GPS. Ramani yake hubahatisha ulipo kwa kunusa Wi-Fi za jirani, na porini jirani hana Wi-Fi.

ZUHURA: Mimi moyo uko kwenye ile Samsung ya inchi 11.

MJOMBA: Galaxy Tab A9+? Ina gramu 480. Mdogo wake, A9, ni inchi 8.7 na gramu 332. Mezani mkubwa anashinda bila ubishi: ukurasa unausoma wote, huhangaiki kuuvuta kwa vidole. Ila uishike kwa mkono mmoja kwenye basi linaloruka matuta, saa mbili tu, halafu unipigie.

ZUHURA: Mama anasema nitumie chake, kile walichogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022.

MJOMBA: Hicho ni cha kazi. Mwachie mama yako.

ZUHURA: Muuzaji mmoja amenionyesha cha GB 128. Si kinatosha?

MJOMBA: Kutosha kuweka picha na filamu, ndiyo. Kuperuzi kunataka RAM. Chukua mfano umejaza fomu ya maombi, jina, namba ya kitambulisho, kila kitu. Unatoka kidogo kwenda WhatsApp kunakili namba ya malipo. Ukirudi, ukurasa unajifungua upya na fomu ni tupu. Utalaumu mtandao bure. RAM ilijaa, kivinjari kikautupa ukurasa wako ili kipumue. GB 4 ndiyo ya chini kabisa; mfuko ukiruhusu, 8.

ZUHURA: Na pawabenki, siku nikisafiri kwa ndege badala ya basi?

MJOMBA: Beba mkononi, usiitie kwenye begi la kupakia. Mwisho bila ruhusa ya shirika la ndege ni wati-saa 100, karibu mAh 27,000.

ZUHURA: Kwa hiyo nichukue kidogo?

MJOMBA: Kidogo, chenye laini. Nyumbani utakivumilia. Kikubwa kisicho na laini, ukishatoka Mbagala, ni kioo cha kujitazamia. Ungekuwa mtu wa kukaa nyumbani ningekwambia kinyume chake, na pesa ya laini ukaongeze RAM.

ZUHURA: Na dukani?

MJOMBA: Tia laini yako palepale kaunta. Fungua fomu yoyote, andika jina, hamia programu nyingine mbili tatu, kisha urudi uone kama jina lipo.

ZUHURA: Muuzaji akikataa?

MJOMBA: Nenda duka la pili.