Jumanne: Je, Chanjo Hubadili Vinasaba?
Soma Zaburi 139:13–16 na Mithali 18:13. Tufanye nini kabla ya kujibu?

Wakati wa korona, washiriki waliuliza kama chanjo za mRNA zingebadili vinasaba (DNA) tulivyopewa na Muumba. Baadhi yetu walimu tuliwacheka. Tulikosea, waliuliza kwa sababu wanamcha Mungu.

Tena jibu lilikuwepo. DNA hukaa ndani ya kiini cha seli. mRNA ya chanjo haiingii humo: hubaki nje ya kiini, huielekeza seli itengeneze protini moja ya kirusi ili mwili ujifunze kukitambua, kisha huvunjwavunjwa. Seli zetu zenyewe hutengeneza mRNA kila siku.

Je, yupo aliyeacha kuja darasani kwenu baada ya kuchekwa? Utamwendeaje juma hili?